Ukuni wa Bibi

Bibi aliuweka ukuni gotini, akauvunja. Kwenye skrini ulivunjika kimya. Akautupa motoni, akainama kupuliza, na hapo ndipo mlio wa kuvunjika ukasikika.

Ilikuwa Julai 2017, saa tano usiku, chumbani kwangu Mwanjelwa, Mbeya. Keshokutwa yake ukoo ulikuwa unakutana Tukuyu kwa ibada ya kumbukumbu, mwaka mmoja tangu Bibi atutoke. Mjomba alikuwa amenipigia simu: "Mwanangu, hawa wajukuu wa Dar hawakumjua mama. Waje wamsikie." Mimi ndiye niliyekuwa na video zake, nilizomrekodi kwa simu: karibu saa nzima, ameketi jikoni kwake, jiko la nje lisilo na dirisha, akisimulia kwa Kinyakyusa jinsi alivyoolewa.

Nilikuwa nazihariri kwenye laptopu, na kwanza niliilaumu laptopu hiyo. Ilikuwa na RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 2 tu, na video za 1080p, zenye picha kali, ziliielemea hata picha zikawa zinarukaruka. Nikajiambia kukwama huko ni kwa kutazama tu, video ikishatolewa kama faili lililokamilika itatulia. Nikatoa kipande cha dakika 20, nikakihamishia kwenye simu. Picha ilikuwa laini kabisa, lakini ukuni uleule, kimya kilekile. Mwanzo wa klipu mdomo na sauti vilikwenda pamoja. Kadiri dakika zilivyosonga, picha ilitangulia. Mwishoni Bibi alikuwa ameshafunga mdomo na sauti yake bado inaongea. Nilifunga laptopu. Sikuweza kumtazama hivyo.

Asubuhi nilikwenda kwa kijana mmoja pale sokoni anayewawekea watu nyimbo na muvi kwenye flashi. Alitazama kidogo tu.

"Dada, hapa ulirekodi gizani?"

"Jikoni. Mwanga ulikuwa wa moto tu."

Akanieleza. Simu inasema inachukua fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde, ila mahali penye giza inahitaji muda zaidi kwa kila fremu, basi inachukua chache: 24, 20, inavyobadilika mwanga. Sauti yenyewe haibadiliki. Programu yangu ndogo ya kuhariri ilihesabu kila sekunde kuwa ya fremu 30, ikazipitisha zile chache upesi kuliko zilivyochukuliwa. Kwa hiyo sikuwa na haja ya kuisogeza sauti, kama nilivyohangaika usiku kucha. Nikiiweka sawa hapa, inaachana kule. Dawa ilikuwa kuzirudia klipu za mwanzo zenyewe. Alizipitisha kwenye HandBrake, programu ya bure, akachagua fremu za kasi isiyobadilika. Nilikaa kwenye kigoda chake hadi saa nane mchana.

Nilizirudisha kwenye folda ileile kwa majina yaleyale, na ile programu yangu ya kuhariri ikazitambua. Lakini sehemu nilizokata zilikuwa zimehama, kwa kuwa nilizikata kwa kufuata picha iliyokimbia. Nikakata upya zote. Sikujali, safari hii kila nilipokata, nilikuwa namsikia akimaliza sentensi yake.

Usiku wa manane faili likakataa kuingia kwenye flashi, GB 5 na kitu, wakati nafasi ipo tele. Flashi ilikuwa ya FAT32, mfumo mmojawapo wa kuhifadhi mafaili, na FAT32 haipokei faili moja linalofikia GB 4. Kuifomati kwa mfumo mwingine nisingethubutu, maana televisheni ya Mjomba haisomi nyingine. Nikaitoa video upya kwa 720p, picha ya ubora mdogo kidogo. Haikufika GB 2.

Tukuyu kulikuwa na ukungu, watoto wamejifunika mablanketi sebuleni, mama mkubwa ameketi karibu na televisheni kuliko wote. Nilisimama mlangoni nikisubiri dakika ya 20. Bibi akauchukua ukuni, akauweka gotini. Mlio ukatoka palepale ulipovunjika, na mama mkubwa, bila kugeuka, akanyosha mkono nyuma akitafuta wangu.