Vidonge vya sukari kwa mtu anayelala mchana

Kazi yangu ni kusahihisha kurasa za gazeti kabla hazijaenda mtamboni. Naingia saa tatu usiku, natoka alfajiri, nalala wakati wenzangu wanaamka. Kwa hiyo nilipopewa metformini, dawa ya kisukari, ya miligramu 500 yenye kibandiko "kimoja asubuhi, kimoja jioni, pamoja na chakula", nilirudi palepale dirishani kwa mfamasia. Asubuhi ipi? Yangu mimi huanza saa tisa alasiri. Akacheka. "Sahau jua, kaka. Fuata sahani."

Nimekuja kugundua kwamba jibu lile halitoshi kwa dawa zote tatu nilizowahi kumeza. Watu husema "vidonge vya sukari" kana kwamba vyote ni kitu kimoja, lakini kila kimoja kina kazi yake mwilini, na masharti yake yanatokana na kazi hiyo.

Metformini kazi yake kubwa iko kwenye ini. Ini huachia sukari kwenye damu hata ukiwa usingizini, na kwa mwenye kisukari aina ya pili huachia kupita kiasi. Metformini hulibana, na husaidia mwili kuitumia vizuri zaidi insulini uliyo nayo. Hailazimishi kongosho kutoa insulini zaidi, ndiyo maana ikiwa peke yake ni nadra kukushusha sukari hadi pabaya. Chakula kinachotajwa kwenye kibandiko ni kwa ajili ya tumbo. Na tumbo langu lilihitaji huruma kwelikweli: kuharisha, gesi, ladha ya chuma mdomoni. Jaribu kusahihisha ukurasa wa matangazo madogomadogo huku unakimbilia msalani.

Daktari alinipandishia dozi polepole, kisha akanihamishia kwenye vidonge vinavyotoa dawa taratibu, ambavyo hunywewa mara moja na mlo mkubwa. Hivi havivunjwi wala kutafunwa. Nilisoma karatasi ya ndani ya boksi yote (ugonjwa wa kazi huo, hata koma zilizokosewa nilizipigia mstari) nikakuta onyo kwamba ganda la kidonge linaweza kuonekana kwenye choo likiwa kama zima. Ni ganda tupu, dawa imeshaingia mwilini. Ningekuwa mfamasia ningemwambia hilo kila mgonjwa kabla hajaondoka, maana nawajua walioacha dawa wakidhani inapita bure.

Tumbo lilitulia. Lakini kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu kwa kuwa chembe nyekundu za damu huishi takribani siku 120, kilitoka asilimia 7.8. Lengo langu lilikuwa chini ya 7. Nikaongezewa glimepiridi, miligramu 1, inywewe na mlo wa kwanza baada ya kuamka.

Hii ni dawa ya tabia nyingine kabisa. Yenyewe hulisukuma kongosho litoe insulini, na haiulizi kama umekula au hujala. Ukiimeza, mlo lazima ufuate. Kwa mtu mwenye ratiba iliyonyooka ni dawa nzuri, ya bei nafuu, na ina nguvu. Lakini chumba cha habari hakina ratiba iliyonyooka. Usiku wa matokeo ya uchaguzi kurasa zilibadilishwa na kubadilishwa tena, chakula cha saa sita kikasogea hadi saa nane na ushee. Nikaanza kuona mistari inacheza. Jasho jembamba, mikono inatetemeka, hasira zisizo na sababu kwa kijana wa usanifu. Nilipopima, sukari ilikuwa milimoli 3.4 kwa lita. Nusu glasi ya juisi, nikasubiri dakika 15, nikapima tena, kisha ndipo nikala. Chini ya 3.9 hakuna cha kumalizia ukurasa kwanza.

Baadaye nilisoma kwamba ukoo wa dawa hii uligunduliwa kwa njia hiyohiyo. Mwaka 1942 huko Montpellier, Ufaransa, daktari Marcel Janbon alikuwa akijaribu dawa ya jamii ya salfa kwa wagonjwa wa homa ya matumbo, akaona sukari yao inashuka vibaya. Athari iliyowatesa wale ndiyo ikageuzwa kuwa tiba yetu. Sishangai tena kwa nini ni kali.

Nilipomweleza daktari jinsi usiku wangu unavyokwenda, aliiondoa akaweka empagliflozini ya miligramu 10. Hii hufanya kazi kwenye figo: sukari ambayo figo zingeirudisha kwenye damu huachwa itoke na mkojo. Mkojo wangu ukipimwa leo utakutwa na sukari, na hiyo ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Hainifungi na saa ya mlo. Ila ina madai yake: unakojoa zaidi, unahitaji maji ya kutosha, na fangasi sehemu za siri hupenda hali hiyo, kwa hiyo usafi si jambo la aibu kuliongelea kliniki. Kubwa zaidi ni kwamba ukiugua ukawa unatapika au huwezi kula, au ukiwa unajiandaa kwa upasuaji, unawasiliana na daktari kuhusu kuisimamisha. Damu inaweza kujaa asidi hata kama mashine inaonyesha sukari isiyotisha sana.

HbA1c ya mwisho ilikuwa 6.9. Jamaa mmoja kazini akaniambia basi sasa niache vidonge, si nimepona? Nilimjibu kwamba namba hiyo imepatikana nikiwa navinywa. Vipimo vya figo navyo vinaendelea, kwa sababu zikidhoofika sana metformini hupunguzwa au kusimamishwa. Nimeomba pia nipimwe vitamini B12, maana metformini ya miaka mingi huweza kuishusha, na ganzi ya miguuni ikianza huwa rahisi kuisingizia sukari peke yake.

Mwezi ujao nahamia zamu ya mchana. Nimeshauliza: metformini itahama na mlo mkubwa, kutoka alasiri kwenda usiku, na siku ya kuhama itachelewa saa chache tu bila kuongeza dozi ya kufidia. Empagliflozini itakuwa asubuhi, na safari hii asubuhi ya watu wote. Kinachonipa wasiwasi ni vikao vya mhariri visivyoisha, na mimi nimebanwa na mkojo.