Bei ya Machi

Kila msimu wa korosho ukifunguliwa, ndugu zangu walioko Dar hunipigia simu kwa zamu. Swali lao ni moja: "Imetoka ngapi?" Msimu wa 2024 ulipoanza na bei ikavuka shilingi 4,000 kwa kilo, nilipongezwa kama niliyejifungua mapacha. Vichekesho vya mitandaoni navyo vikarudi, vile vya mbuzi wa Mtwara wanaonyweshwa soda.

Nacheka nao, sina kinyongo. Ila mimi ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi kimoja cha ushirika wa wakulima huku Newala, mkoani Mtwara, na nikiwa pale mizanini naona jambo ambalo redio hailitangazi. Bei ya mnada ni bei ya pili. Ya kwanza hupangwa mwezi wa tatu, kwenye benchi la duka, kabla mkorosho haujatoa hata ua moja.

Nieleze Machi ya huku kwa asiyeijua. Pesa ya korosho iliyoingia Novemba imeshakwisha: bati, deni la mwaka uliopita, sare za Januari. Ada ya sekondari ilifutwa, lakini daftari na viatu havikufutwa. Mahindi bado yako shambani, machanga. Mihogo ipo kwa aliyejaliwa. Na hapo hapo shamba la korosho linadai palizi, na ikifika Juni linadai salfa, dawa ya unga, maana usipopuliza, ugonjwa wa ubwiriunga unakausha maua yote na Oktoba utaokota majani. Siku hizi serikali inatoa salfa ya ruzuku, na kusema kweli imetusaidia sana. Lakini salfa haijipulizi yenyewe. Unahitaji mashine, na kama huna, unakodi. Unahitaji petroli. Unahitaji kijana wa kuibeba hiyo mashine mgongoni alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo haujaanza, kwa sababu jua likishatoka unga wote unapeperuka kwa jirani. Kijana huyo halipwi kwa ahadi. Mkono mtupu haulambwi.

Sasa nina jirani, mjane, ana mikorosho mia moja na kidogo aliyoiacha marehemu mumewe. Machi ikimbana huenda kwa mwenye duka, akachukua gunia la mahindi na fedha taslimu kidogo. Hakuna karatasi. Makubaliano ni kwamba Oktoba atalipa kwa korosho, kilo kwa shilingi elfu moja na mia mbili, na kipimo ni bakuli la mwenye duka. Bakuli hilo nimelishika kwa mkono wangu. Ukilijaza mpaka lifanye kichuguu, kama wanavyolijaza wao, ni zaidi ya kilo. Hiyo ndiyo kangomba ambayo viongozi huilaani kila wakipanda jukwaani.

Ikifika Oktoba, korosho za deni huja kwangu. Na korosho za kangomba hazijifichi. Mkulima akileta zake ameshazianika kwenye mkeka, ameshazichagua, anaingiza mkono ndani ya gunia na kukuonyesha kama anayeonyesha mahari. Zina ukubwa wa kufanana kwa sababu zimetoka chini ya miti ile ile. Zikimwagwa kwenye turubai zinalia kwa sauti moja kavu. Gunia la kangomba ukilimwaga unasikia sauti mbili: nyingine zinalia, nyingine zinaanguka tu, zina maji. Kubwa na ndogo, nyeupe na zilizopigwa na mvua, za mashamba manne kwenye gunia moja. Lakini aliyezileta anataja jina la mjane, namba ya uanachama ya mjane, na mjane mwenyewe amesimama pembeni anaitikia kwa kichwa. Natazama ubora, napima, naandika. Mnada ukipita, fedha zinaingia kwenye akaunti ya mjane. Siku ya kutoa, mwenye duka anamsindikiza benki na kumsubiri nje kivulini. Kwenye karatasi, mkulima kauza kwa bei ya mnada, na takwimu zitaandika hivyo.

Mtu wa Dar atauliza, si amkatae tu? Au si aende kwa mtu mwingine mwenye masharti nafuu? Hapa ndipo hesabu za vitabuni zinapogota.

Mwenye duka yule ni mpwa wa marehemu. Mtoto wa dada yake. Sisi Wamakonde tunafuata upande wa mama, na kwa desturi ya zamani mali ya mjomba ilikuwa inaelekea kwa mpwa, siyo kwa mke wala kwa watoto wa kuzaa. Siku hizi watu wamechanganya mambo: wengine wanaandika wosia, wengine wanafuata dini, wengine wanakwenda mahakama ya mwanzo. Ila desturi haijafa. Shamba lile lina mikorosho iliyopandwa na mume kwenye ardhi ya ukoo wa mume. Mjane anaokota kwa sababu ukoo umenyamaza. Akimkatalia mpwa korosho za Oktoba, anafungua mjadala ambao hana hakika ataushinda. Kwa hiyo lile punguzo kubwa la bei si riba peke yake. Ndani yake mna kodi ya amani. Mwenye duka anajua, mjane anajua, na hakuna hata siku moja walilitamka.

Benki nayo ingemsaidiaje? Ardhi yetu ni ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Inawezekana kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na wapo walioipata. Sheria ile inamtambua mwanamke sawasawa na mwanamume, hilo nilipende au nisilipende ndivyo lilivyoandikwa, na nalipenda. Lakini kuomba hati maana yake ni kuita majirani na ukoo waje waoneshe mpaka na waseme shamba ni la nani. Yaani ni kuuanzisha ule ule mjadala anaoukwepa kila Oktoba. Na hata akiipata hati, sijaona afisa mikopo anayetamani kuja kunadi mikorosho ya mjane katikati ya kijiji cha watu.

Najua wapo watakaosema karani anatetea wanyonyaji. Sitetei. Nimeona mtu mwenye pikipiki tatu na hana mkorosho hata mmoja. Ila nimeona pia kilichotokea serikali ilipoamua kumaliza kangomba kwa nguvu, na kilianza kwa nia njema.

Oktoba 2018 minada ya kwanza ilitoa bei iliyokuwa chini mno kuliko msimu uliotangulia. Wakulima wa Tandahimba na Newala wakakataa kuuza. Novemba, ndani ya siku chache, Rais Magufuli aliwaondoa waziri wa kilimo na waziri wa viwanda na biashara, bodi ya korosho ikavunjwa, na tarehe 12 akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, na jeshi litazisomba. Siku ile watu walishangilia barabarani, mimi nikiwemo. Malori ya jeshi yalikuja kweli. Kisha ukaja uhakiki: mwenye zaidi ya kilo 1,500 aoneshe shamba. Wazo lilikuwa kumnasa mwenye kangomba.

Mjane wangu alikuwa na karibu tani mbili kwenye jina lake, na mikorosho yake kwa mwaka mzuri haizidi tani moja. Waliokuja kuhakiki walihesabu miti, wakamtazama. Wakamuuliza hizi nyingine umezitoa wapi? Aseme nini? Akimtaja mpwa, amemtaja mwenye ukoo. Alisema zimezaa sana mwaka huu. Jina lake likawekwa kando, na fedha zake zilichelewa mpaka msimu wa palizi ukapita. Na palizi ile alilima kwa fedha za nani? Za duka lile lile. Bei ya 3,300 ilikuwa nzuri, mtu asibishe. Ilikuja tu kwa aliyeweza kuisubiri.

Kusubiri ndiyo mali ambayo sisi hatuna, na sijui kwa nini sera zetu zinakazana na kila kitu kingine. Mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani korosho kukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, ulioanza kwenye korosho msimu wa 2007/08, ulituletea jambo la maana: bei inasomwa hadharani, barua za wanunuzi zilikuwa zikifunguliwa mbele ya macho yetu, wakulima wanakubali au wanakataa. Kabla ya hapo mnunuzi alikuja na mizani yake na bei yake mfukoni. Siku hizi mnada unafanyika kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa, na mtu anaifuata bei kwenye simu. Vizuri. Lakini mfumo wote huo unamhudumia mwenye korosho mkononi, na mjane hana korosho mkononi, ana deni la Machi.

Mfumo wenyewe haukukosa majeraha. Wakati ule fedha zilikuwa zikilipwa kwa awamu, malipo ya kwanza, kisha ya pili ukiyaona. Aprili 2013 kule Liwale watu walisubiri malipo ya pili, wakaambiwa ni shilingi 200 kwa kilo. Nyumba za viongozi zilichomwa moto. Wazee huku wanakwenda nyuma zaidi ya hapo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akisimulia Operesheni Vijiji ya 1974, jinsi walivyohamishwa wakaiacha mikorosho yao mbali, nyasi zikaifunika, moto ukapita. Tanzania ilikuwa imefika zaidi ya tani 140,000 miaka ile, na katikati ya miaka ya themanini tulishuka chini ya tani 20,000. Ubwiriunga ulichangia, bei mbovu ilichangia, na miti iliyoachwa ilichangia. Ukitaka kuona mipango mikubwa ya watu wa mbali, shuka mpaka bandari ya Mtwara: Waingereza waliijenga kwa ajili ya karanga za Nachingwea, mradi wa karanga ukafa kabla bandari haijakamilika. Leo inasafirisha korosho ghafi zetu kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Viwanda vya kubangua tulivyojengewa zamani, kadhaa viliishia kuwa maghala ya kuhifadhia hizo korosho zinazosubiri meli. Hilo lina makala yake, tuliache.

Turudi kwenye chama chetu. Mkutano mkuu uliopita, mjumbe mmoja kijana alileta hoja: tukatwe shilingi 50 kwa kila kilo, tuanzishe mfuko wa kukopeshana kila Februari. Mimi niliona ni hoja ya busara kuliko zote nilizowahi kusikia pale. Ilidumu kama dakika kumi. Mzee mmoja alisimama, akavua kofia, akauliza: "Mfuko wa kwanza uko wapi?"

Kila mtu alijua anazungumzia nini. Korosho ghafi zikisafirishwa nje hutozwa ushuru, na kwa miaka asilimia 65 ya ushuru huo ilikuwa irudi kwenye mfuko wa kuendeleza zao lenyewe. Mwaka 2018 Bunge lilibadilisha sheria, fedha zote zikaelekezwa mfuko mkuu wa serikali. Wabunge wa kusini walipiga kelele ndani ya ukumbi, wakashindwa. Mkulima wa Newala hakuwahi kuiona ile asilimia 65 kwa macho, lakini anajua iliondoka. Juu yake anakatwa ushuru wa halmashauri, wa chama kikuu, wa chama cha msingi, ghala, usafiri, magunia. Ukimwambia kuna kato lingine, hata liwe la kwake mwenyewe, anasikia neno kato tu. Hoja ilikufa.

Hoja iliyokubaliwa ilikuwa ndogo zaidi, na ilitoka kwa wanawake waliokaa nyuma upande wa mlango. Walisema fedha tusikatwe. Chama kitumie sehemu ya akiba yake kununua mahindi mwezi wa saba yakiwa bei chee, kiyaweke kwenye ghala ambalo kipindi hicho liko tupu, kiyakopeshe Februari na Machi. Gunia moja kwa kila anayehitaji. Oktoba deni likatwe mizanini kwa bei ya mnada siyo kwa bei ya bakuli. Tulibishana kuhusu panya, kuhusu dawa ya kuhifadhia, kuhusu nani atashika funguo. Funguo zilichukua muda mrefu kuliko yote, mwishowe zikawa tatu, kwa watu watatu.

Mwenye duka naye ni mwanachama, na alikuwepo. Nilidhani atapinga. Alinyoosha mkono akauliza swali moja: mtu akichukua gunia la chama, halafu Oktoba akaleta korosho kwa jina la mwenzake, mtamkata nani?

Mwenyekiti alinigeukia mimi. Nikasema daftari la mizani lina majina, halina miti. Kama kila mwanachama angeandikiwa idadi ya mikorosho yake, mzigo unaozidi ungejulikana hapo hapo. Ukumbi ukaanza kunung'unika, maana kuandikiwa miti ni kuulizwa miti ni ya nani, na mjane, aliyekuwa amekaa mstari wa tatu, alitazama chini. Tukakubaliana mahindi yanunuliwe, na suala la kuandika miti lipelekwe kwenye bodi ya chama. Bodi imekutana mara mbili tangu hapo. Mahindi yako ghalani, magunia themanini, na mpaka naandika hivi bado hawajasema deni la mtu aliyekuja kwa jina la mwenzake litakatwa wapi.