Sindano za Kichina na Mlio wa Masikioni

Kwa miaka mingi nilisimamia mashine ya kusaga nafaka Kibaigwa, kwenye barabara ya Dodoma kwenda Morogoro, na kelele zake ndizo zilizoniachia mlio mwembamba, kama wa nyenje, usiokoma. Mchana shughuli ziliufunika; usiku, mji ukishatulia, ulinijaa kichwani hata usingizi ukanipotea.

Wifi yangu ndiye aliyenishawishi nimwone tabibu wa Kichina aliyekuwa akitibu wagonjwa kwa kuwachoma sindano Dodoma mjini. Sindano hizo si ngeni kwetu, kwa kuwa madaktari wa China wamekuwa wakitumwa Tanzania Bara tangu 1968, ingawa waliozisifia mbele yangu walitibiwa mgongo na magoti, si masikio.

Tabibu aliniuliza habari za usingizi, kiuno, hata haja ndogo, nami nikaona ananipotezea muda, mpaka mkalimani wake aliponieleza, "Mama, katika tiba yao figo ndiyo inayotawala masikio." Kisha nililazwa chali, tabibu akapapasa mbele ya sikio na kuniamuru nifumbue kinywa, kwani taya likishuka hujitokeza kishimo kidogo, na hapo ndipo alipochoma. Nyingine alizichomeka nyuma ya ndewe, juu ya kiganja karibu na kidole cha pete, na kando ya kifundo cha mguu. Ni sindano nyembamba kuliko za hospitali, tena hazina dawa ndani yake. Badala ya maumivu nilihisi uzito na ganzi, jambo ambalo tabibu alionekana kulifurahia. Niliachwa hivyo kama nusu saa, na nasikia nilikoroma.

Usiku huo nililala vizuri, lakini nilipoamka mlio ulikuwa palepale, na hata baada ya kurudi tena kwa tabibu haukupungua. Baadaye daktari wa masikio, pua na koo alinipima usikivu, akaniambia kwamba seli za sikio la ndani zilizouawa na kelele hazioti upya, na kwamba ubongo unapozikosa sauti ulizozizoea huweza kujitungia mlio wake. Kuhusu sindano alisema matokeo ya tafiti yanapingana, kwa hiyo hanitumi wala hanikatazi. Alichosisitiza ni kwamba nisilale katika ukimya mtupu. Sasa nalala redio ikisema kwa sauti ya chini, na kwa yule tabibu nakwenda mgongo unaponisumbua.