Mawenzi Iko Kulia

Moshi, Julai, asubuhi

Leo mlima Kilimanjaro umefunguka alfajiri, na kabla ya saa tatu mawingu yameshaufunika. Muda huo unamtosha mchoraji wa mtindo wa Tingatinga kuona kosa linalorudiwa kwenye picha za kuuzia wageni. Ukisimama Moshi, kati ya vilele vyake viwili, Kibo iko kushoto na Mawenzi, ile yenye miamba kama meno, iko kulia. Picha nyingi zenye tembo chini ya mlima zimezigeuza, kwa sababu zinaiga kadi za posta zilizopigwa Amboseli, upande wa Kenya. Inauma kuona mlima wetu umechorwa kwa mgongo wake.

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vipande vya mraba vya siling bodi, kwa rangi ya baiskeli. Mnyama mmoja, nyuma yake rangi moja, basi. Mwili wa chui umekaa ubavu, uso umekugeukia. Alifariki mwaka 1972, lakini chui yule bado anachorwa. Naamini rangi yenyewe ilichangia mtindo: ni nzito, inang'aa, haipendi vivuli laini, ila inakubali mstari mkali na nukta.

Siku hizi kinachotumika zaidi ni kitambaa kilichowambwa kwenye fremu. Kipake nyeupe mara mbili. Anga ipigwe mara moja: bluu juu, nyeupe chini, uzikutanishe kwa brashi pana zingali mbichi. Kisha iache. Kwa baridi ya Julai ihesabie siku mbili, maana juu hukauka mapema huku chini bado mbichi. Ukiwahi kupaka juu yake, rangi hujikunja kama utando wa maziwa. Thina, ile ya kulainisha rangi, iwe kidogo sana. Ikizidi, rangi inachuruzika na mng'ao unakufa. Nukta za ndege kanga zigongwe kwa ncha ya kijiti, uchovye upya kila baada ya tatu au nne, la sivyo zinapungua ukubwa na kanga anaonekana mgonjwa. Vumbi nalo! Usianike nje.

Kuhusu theluji, wengi bado wanaivika Kibo kofia nzima. Barafu imepungua mno tangu mwanzo wa karne iliyopita. Kwa brashi nyembamba, vuta michirizi michache tu myeupe kutoka ukingoni kushuka, na sehemu iliyobaki iache kahawia iliyoingia zambarau.