Kuhesabu kwa kuruka, kuruka kwelikweli

Wiki hii daftari zimepumzika. Nimechora mstari wa namba sakafuni kwa chaki, 0 hadi 20, nafasi zote sawa, na watoto wakaruka mbili mbili: 2, 4, 6, 8... Kelele usiseme!

Kinachowachanganya wengi ni pa kuanzia. Mtoto amesimama kwenye 0, anaihesabu sifuri kuwa "moja", basi akiruka tatu tatu anatua kwenye 2 badala ya 3. Tunachohesabu ni hatua, si alama. Mtoto akisogeza kidole alama kwa alama huku akitamka, analiona mwenyewe.

Halafu nikawaambia waanzie 3, bado mbili mbili. Waliokariri "mbili, nne, sita" kama wimbo wakakwama papo hapo. Wengine wakaenda 3, 5, 7, 9, na mmoja akashangaa: "Mwalimu, tumezikanyaga zile tulizoruka mwanzo!" Nilifurahi mno.

Kurudi nyuma kutoka 20 kwa tano tano wamekupenda zaidi. Miruko minne, wako sifuri. Kugawanya huko, ila sijawatajia jina.

Kesho kumi kumi hadi 100, sijui kama sakafu itatosha.