Upinde wa aota kwanza, moyo baadaye

Nikiwaza kiharusi kinachompata mtu wakati wa angiografia ya moyo (kupiga picha mishipa ya moyo kwa dawa ya rangi), mawazo hunipeleka kwenye upinde wa aota, yaani kona ya mshipa mkuu unaotoka moyoni. Katheta, mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mishipa, iingie kwa mkono au kwa kinena, ni lazima ikatize karibu na midomo ya mishipa inayolisha ubongo. Katheta ya saizi ya 6F ina unene wa milimita 2 tu, lakini kwa mzee mwenye kisukari na presha ya miaka mingi, ukuta wa aota umejaa mafuta yaliyogandamana, na ncha ikikwangua hata punje moja inatosha kuziba. Ni nadra: kwa picha peke yake, takriban mgonjwa 1 kati ya 1,000 au pungufu, kuweka stenti (kijibomba cha kupanua mshipa) huongeza hatari.

Ndiyo maana waya wa inchi 0.035 wenye ncha iliyopinda kama herufi J hutangulia mbele ya katheta. Kwa kubadilisha katheta, ule wa sentimita 260 huachwa mle mle ili upinde usihangaishwe upya. Waya ukitoka, vuta mililita 2 au 3 za damu, mwaga, ndipo usafishe kwa maji ya chumvi yenye heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Wapo wanaoona ni kupoteza damu bure. Mimi naona hakuna kinga rahisi kuliko hiyo, kwa sababu kwenye damu hiyo ndimo hutoka vipande, mabonge na hewa. Damu isiporudi, usisukume dawa ya rangi: rudisha katheta taratibu mpaka itiririke.

Na vali ya aota (mlango kati ya moyo na aota) iliyokaza, kama eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, imeshatoa jibu, kuipenyeza waya ni kumtafutia mgonjwa balaa.

Kinachoponza zaidi ni kuchelewa kugundua kiharusi. Mgonjwa amepewa midazolamu, dawa ya kutuliza, anaongea kwa kuburuta maneno, kila mtu anasema ni usingizi. Mkono umefungwa kwenye ubao, hivyo mwambie akubane vidole, achezeshe miguu, ataje jina lake. Mpime pia kama anaona pande zote: sehemu ya nyuma ya ubongo ikiathirika, huenda uso usipinde kabisa, akawa haoni tu au amechanganyikiwa.

Hapo pima sukari, andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, mpeleke CT (picha ya kompyuta) ya kichwa. Heparini aliyopewa inaweza kuzuia dawa ya kuyeyusha damu, kwa hiyo timu ya kuvuta bonge la damu kutoka kwenye mshipa wa ubongo, kama ipo, iitwe mapema. Anayesoma picha aambiwe kiasi cha dawa ya rangi iliyotumika na saa yake, maana rangi iliyobaki kwenye ubongo huonekana nyeupe kama damu iliyovuja.