Mkeka wa sataranji: usinitajie jina, nitajie pointi

Nyuma ya kaunta ya duka langu la dawa, juu kidogo ya boksi za panadol, nimebandika karatasi yenye safu mbili. Safu ya kwanza imeandikwa MAGNUS, ya pili WENGINE WOTE. Tangu 2012 ubingwa wa dunia wa sataranji (chess) ya haraka umechezwa mara 13. Magnus Carlsen wa Norway kautwaa mara 6: Dubai 2014, Berlin 2015, Moscow 2019, Almaty 2022, Samarkand 2023 na Doha 2025. Waliobaki wamegawana mara 7.

Karatasi hiyo ilizaliwa na ubishi wa shemeji. Kila Krismasi ananitumia ujumbe wa neno moja, "Magnus", halafu ananitaka na mimi nitaje wangu. Mwaka mmoja nikamjibu: wewe chukua Magnus, mimi nipe wengine wote waliobaki. Akacheka sana, akaona shemeji yake kaamua kutupa mkeka kwa hiari. Pesa hatuwekeani, anayechaniwa mkeka ananunua pweza wa kuchoma kwa nyumba nzima, na nyumba yetu ina watu. Baadaye ndipo akakaa akahesabu, akagundua kwamba mchezaji bora kuliko wote wa zama hizi, ukimweka upande mmoja na dunia upande wa pili, dunia inamzidi kidogo.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu, nieleze kwa ufupi. Kila mchezaji anapewa dakika 15, na kila akisogeza kete anaongezewa sekunde 10. Raundi ni 13 kwa siku tatu, kwa kawaida 5 siku ya kwanza, kisha 4 na 4. Ushindi ni pointi 1, sare ni nusu, na hakuna mtoano. Ukishinda unapangiwa aliyeshinda, ukifungwa unashuka kukutana na waliofungwa wenzako, na wote mnaendelea hadi mwisho. Yote haya huangukia kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, wakati dukani kwangu wateja ni wa kuungaunga: mmoja kashindwa na pilau, mwingine kaja kuuliza bei tu. Simu naiegemeza kwenye mzani wa watoto, naendelea kuuza. Doha ilikuwa raha tupu kwa sababu saa zao na zetu ni zile zile. New York wako nyuma yetu kwa saa 8, hivyo raundi za mwisho zinakukuta umeshafunga duka na macho yamekuwa mekundu.

Sasa nije kwenye utabiri wenyewe. Watu wengi wanatabiri kama mpira: nani mkali, nani yuko fomu. Mimi naanza na namba. Katika sataranji kila mchezaji ana kiwango kinachokokotolewa kwa kanuni ya Elo, na kanuni hiyo inasema ukimzidi mwenzako kwa pointi 200 za kiwango hicho, kwa wastani utavuna pointi 0.76 kwa kila mechi. Zidisha mara 13, unapata 9.88. Kumi kasoro chembe. Tazama sasa bingwa alimaliza na ngapi: Warsaw 2021, 9.5. Almaty 2022, 10. Samarkand 2023, 10. New York 2024, 10. Doha 2025, 10.5. Majina yanabadilika, mahali panabadilika, kumi inabaki pale pale. Ukiniamsha usiku wa manane uniulize nani atakuwa bingwa Desemba ijayo, sikujibu. Ukiniuliza atamaliza na pointi ngapi, nakujibu nikiwa nimefumba macho.

Na kumi hiyo ina siri yake. Mtu ambaye hajafungwa hata mara moja anaifikia kwa kushinda 7 na kutoa sare 6. Sare sita! Karibu nusu ya mashindano bingwa anapeana mkono na mpinzani na kwenda kunywa maji. Ndivyo alivyofanya Volodar Murzin, kijana wa Kirusi wa miaka 18, kule New York. Kwenye orodha ya kuanzia alikuwa wa 59. Hakuna aliyemwangalia, kwa sababu macho ya dunia yalikuwa kwenye suruali.

Ile habari ya suruali mnaikumbuka. Magnus alikuja na jinzi, kanuni za mavazi haziruhusu, akatozwa faini ya dola 200 na kuambiwa akabadilishe. Akasema atabadilisha kesho. Waamuzi wakakataa, hakupangiwa mpinzani raundi ya tisa, naye akajitoa. Jinzi yenyewe ikaja kuuzwa kwenye mnada wa mtandaoni kwa zaidi ya dola 36,000, fedha zikaenda kwenye hisani. Kwa bei hiyo unaagiza kontena la mitumba na chenji inabaki. Shemeji naye hakuchelewa: mkeka uvunjwe, mechi imeahirishwa, mchezaji wake hakumaliza. Nikamwambia kwenye sataranji hakuna kadi ya bima ya kupasuka suruali. Pweza alinunua, ila alinuna mpaka Januari.

Anachokosea shemeji, na wengi kama yeye, ni kuangalia ule mstari mweupe na mweusi ulio pembeni mwa ubao, unaoonyesha kompyuta inampa nani nafasi ya kushinda. Mstari ukipanda tu, ananipigia: "Kwisha habari!" Kompyuta inahesabu kana kwamba kila hatua inayofuata itachezwa sawasawa. Mwanadamu aliyebakiwa na sekunde 12, mfalme wake uko wazi na mkono unamtetemeka juu ya farasi, hachezi kama kompyuta. Mimi naangalia saa. Mtu mwenye hali mbaya kidogo kwenye ubao lakini ana dakika nne dhidi ya sekunde ishirini, huyo ndiye ninayemwekea. Mstari ule umeshaniruka mbele ya macho kutoka juu hadi chini kwa sababu ya kitunda kimoja, ile kete ndogo kuliko zote, kilichosukumwa haraka.

Jambo jingine ninalolitazama ni umri. Kijana anayekua, kiwango chake cha Elo kiko nyuma ya uwezo wake, kwa sababu namba inaongezeka baada ya mechi kuchezwa na yeye anaongezeka kila usiku akilala. Dalili zilikuwepo mapema. Saint Petersburg, 2018: Magnus alifungwa raundi ya kwanza na Adam Tukhaev, na raundi ya pili akafungwa na Shamsiddin Vokhidov, mtoto wa miaka 16 kutoka Uzbekistan. Bingwa mwaka ule akawa Daniil Dubov. Miaka mitatu baadaye, Warsaw, akatokea Mzbeki mwingine, Nodirbek Abdusattorov, miaka 17. Raundi ya kumi akamfunga Magnus mwenyewe, na mwisho wa siku akawa bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata akawa kwenye timu ya Uzbekistan iliyotwaa dhahabu ya Olimpiadi ya sataranji kule Chennai. Wale waliosema kabahatisha wakatafuta maneno mengine.

Ila usije ukaandika kanuni kwamba vijana ndio wanaoshinda, maana utakutana na Viswanathan Anand. Riyadh 2017 alikuwa na miaka 48, watu wanamwongelea kama mstaafu. Akamfunga Magnus, akamaliza bila kufungwa na yeyote, kisha akamshinda Vladimir Fedoseev kwenye mechi za kuamua. Anand na Murzin wamepishana karibu miaka arobaini kwa umri, lakini wana jambo moja: wote wawili hawakufungwa. Hicho ndicho ninachokitafuta ikifika asubuhi ya siku ya tatu. Sitafuti aliyeshinda mechi za kuvutia. Natafuta nani bado hana alama ya kufungwa mbele ya jina lake.

Magnus anavunja hata hii. Doha alifungwa raundi ya saba na Vladislav Artemiev, akatoka ukumbini kwa hasira, kamera iliyomfuata akaisukuma, halafu akarudi akachukua ubingwa kwa 10.5. Humpy Koneru naye, upande wa wanawake New York 2024, alianza kwa kufungwa raundi ya kwanza kabisa, akaishia bingwa kwa 8.5 katika raundi 11 za wanawake. Watu wa namna hii hawaingii kwenye kanuni yangu. Hao unawaachia Mungu.

Kuna na kifungu cha kanuni ambacho kinachana mikeka kuliko mchezaji yeyote, nacho ni cha kulingana pointi. Warsaw walimaliza wanne na 9.5: Abdusattorov, Ian Nepomniachtchi, Magnus na Fabiano Caruana. Kanuni ikasema wawili tu wa juu, kwa vigezo vya nguvu ya wapinzani waliokutana nao, ndio wacheze mechi fupi za kuamua. Nepomniachtchi akafungwa 1.5 kwa 0.5, na Magnus, mwenye pointi zile zile, akapewa shaba akiwa amesimama pembeni. Aliita kanuni hiyo ya kijinga, na mimi naungana naye ingawa ilinipa pweza. Doha 2025 yakamkuta Humpy: 8.5 sawa na Aleksandra Goryachkina na Zhu Jiner, wenzake wakaitwa kwenye meza ya kuamua, yeye akabaki na shaba. Kwa hiyo kabla hujaandika mkeka, soma kwanza kanuni ya kulingana. Aliyekutana na wapinzani wagumu mapema anabeba nusu pointi ambayo haionekani kwenye jedwali.

Shemeji baada ya Doha amepata kiburi. Ananiambia karatasi imepitwa na wakati, Magnus hafungiki tena, na sasa anataka kumwongeza Arjun Erigaisi, aliyechukua shaba Doha, upande wake: wawili dhidi ya dunia. Nimemjibu sina tatizo, ila anayetaka wachezaji wawili anaweka pweza wawili, na kama mmoja wao atavaa jinzi, mkeka hauvunjwi. Amesoma ujumbe, alama mbili za buluu zimetokea, bado anapiga hesabu.